Gari la jeshi kwenye albamu ya nyumbani: namna ya kulitambua na kuliingiza daftarini

Maswali ni yale yale. Mtu katuma picha ya babu yake kasimama mbele ya gari lenye turubai, chini kaandika: "Hichi kifaru gani?" Mwengine anauliza vipi gari moja liwe na majina matatu, na kila anayelitaja anaapa kuwa lake ndilo. Wa tatu keshaanza daftari lake, karatasi zimejaa, sasa hajui kama gari la ukurasa wa nne ndilo lile lile la ukurasa wa tisa. Kujibu mmoja mmoja kunachosha, basi nimeyapanga majibu hapa kwa hatua.

Nawaandikia watu wa Unguja na Pemba wenye picha za zamani nyumbani: gwaride, msafara, babu na sare yake, Land Rover imeegeshwa chini ya mwembe. Si lazima uwe askari wala fundi magari. Ila kuna jambo moja ulikubali tangu sasa: jina la gari huja mwisho. Wanaoanza wengi hutanguliza jina, halafu huilazimisha picha ilifuate. Wewe anza na kile jicho linachokiona. Jina likipatikana, liandike pamoja na aliyelitoa, kwa sababu gari la jeshi halina jina moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha zenyewe, au nakala safi. Picha iliyotumwa na kutumwa tena kwa WhatsApp mara kumi haifai, maandishi madogo yamekwisha kufa.
- Lenzi ya kukuzia. Ya fundi saa inatosha kabisa.
- Penseli laini. Peni ya wino usiisogeze karibu na picha.
- Bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki. Hewa yetu ya chumvi na unyevu ikinaswa ndani ya plastiki, ukungu hauchelewi.
- Daftari kubwa la mistari, au Excel ukipenda. Mimi huanza na daftari.
- Mzee wa kuuliza, na muda wa kumsikiliza bila kumkata.
- Intaneti ya kutafutia picha za kulinganisha.

Onyo, kabla hujafika mbali

Mwongozo huu ni wa picha za zamani, magazeti na makumbusho. Si ruhusa ya kwenda kusimama nje ya kambi na simu mkononi. Kupiga picha kambi na zana za jeshi bila idhini ni kosa kisheria, na hakuna gari lenye thamani ya kulala kituoni. Siku ya gwaride la Mapinduzi, Amaan au Gombani, piga pale wananchi wanaporuhusiwa; ukiambiwa shusha simu, shusha, usibishane. Na magari ya leo usiyaandikie daftari wala usitaje mtandaoni namba zake, idadi yake au yanapolala. Daftari lako liishie kwa magari yaliyostaafu.

Hatua ya 1: Nakili picha, mbele na nyuma

Ukiwa na skana, weka nukta 600 kwa inchi. Ukiwa na simu tu, laza picha barazani kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, zima fleshi, shika simu sambamba na picha. Kisha geuza, unakili na mgongo wake. Wengi huusahau mgongo, na humo ndimo mlimo na tarehe, jina la mtu, au muhuri wa studio. Muhuri kama wa Capital Art Studio unakwambia picha ilisafishwa mjini Unguja. Haukwambii ilipigwa wapi wala mwaka gani. Filamu ikiweza kukaa ndani ya kamera miezi.

Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, usibandue picha kwa nguvu, na wakati wa masika usijaribu kabisa: karatasi imelegea na picha itachanika tabaka. Nakili ikiwa humo humo. Ukitaka kubandua subiri kaskazi, siku kavu, tumia uzi mwembamba wa kushonea, upitishe taratibu nyuma ya picha.

Hatua ya 2: Picha ipe namba yake, na gari lipe namba yake

Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibikia. Picha moja inaweza kuwa na magari matano, na gari moja linaweza kutokea kwenye picha tatu. Ukitumia namba moja kwa vyote viwili, baada ya kurasa chache hutajijua.

Fanya hivi: picha zianze na P, P-001, P-002 na kuendelea. Magari yaanze na G. Kwenye ukurasa wa picha orodhesha magari yaliyomo, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye ukurasa wa gari orodhesha picha linamoonekana. Ukishuku tu kwamba magari mawili ni moja, yaache namba mbili na uandike "huenda ni sawa na G-014". Kuunganisha baadaye ni kazi ya dakika moja. Kutenganisha ulichokwisha kuchanganya ni kazi ya wiki.

Na namba usiitie maana ndani yake. Kijana anayetaka namba yake iwe "URUSI-1964-LORI-3" ataona raha mpaka siku atakapogundua kuwa lori ni la Kichina na picha ni ya 1971.

Hatua ya 3: Andika unachokiona, kwa mpangilio ule ule kila mara

Mpangilio wangu unatoka chini kwenda juu:

1. Linatembelea nini: matairi au minyororo? Hesabu ekseli. Hesabu matairi ya upande mmoja.
2. Matairi ya nyuma ni moja moja au mbili mbili kila upande?
3. Injini iko wapi? Kuna boneti mbele, au pua ni bapa?
4. Bodi ni ya lori, au ni bati nene la deraya lenye vipenyo badala ya madirisha? Juu kumefunikwa au kuko wazi?
5. Kuna kichwa kinachozunguka chenye mtutu? Mtutu ni wa bunduki ya rashasha au wa mzinga?
6. Grili, taa, madigadi, bampa.
7. Maandishi na alama zozote, hata usizozielewa.

Usiandike jina lolote bado. Na hapo kwenye namba 1 ndipo lile swali la kifaru linapokwisha. Gari lenye matairi si kifaru, hata likiwa na deraya na mzinga. Kifaru kina minyororo, deraya nzito, na mzinga kwenye kichwa kinachozunguka. Minyororo peke yake haitoshi: kuna magari ya kubebea askari yenye minyororo, na kuna mizinga inayojiendesha. Ukiwa huna hakika andika "gari la deraya la minyororo", hakuna atakayekulaumu.

Kuhesabu kunaonekana jambo la kitoto, lakini ndiko kunakotenganisha magari yanayofanana sura. Chukua malori mawili ya Kirusi ya ekseli tatu, ZIS-151 na ZIL-157. Kwa mbali ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Tazama nyuma: ZIS-151 ina matairi mbili mbili kila upande, ZIL-157 ina moja moja, makubwa. Basi. Hutakiwi kujua kitu chengine chochote kuzitenganisha.

Kwa vifaru, angalia yale magurudumu makubwa yanayokanyaga mnyororo, na hasa nafasi zilizo baina yake. T-54 na T-55 za Kirusi zina magurudumu matano, na baina ya la kwanza na la pili pana pengo linaloonekana wazi. T-62 nayo ina matano, lakini mapengo yako nyuma, baina ya la tatu na la nne na baina ya la nne na la tano. PT-76 ina sita na tumbo lake ni kama mashua, maana huelea majini. Picha iliyofifia kiasi cha kutoona kichwa cha kifaru mara nyingi huwa bado inaonesha magurudumu. Type 59 ya Kichina ni nakala ya T-54A, kwa hiyo pengo lake liko pale pale; hapo hesabu haitakusaidia, itabidi utafute ushahidi mwengine.

Hatua ya 4: Soma maandishi yaliyo kwenye gari

Tafuta juu ya grili, ubavuni mwa boneti, kwenye bampa na mlangoni. Ukiwa na bahati ya kulishika gari lenyewe, kwenye uzio wa makumbusho au gofu lililoachwa shamba, tafuta kibati cha kiwandani: mara nyingi kiko ndani, karibu na dashibodi au mlangoni. Kutu ikiwa imekula, chukua karatasi nyembamba, iweke juu, sugua kwa penseli. Usikwangue kwa kisu.

Tahadhari na herufi za Kirusi. Herufi yao ya R inaandikwa kama P yetu, na herufi yao ya N inafanana na H. Ndiyo maana watu huandika "BTP-152" wakati gari ni BTR-152. Herufi yao ya Z inafanana na tarakimu 3, kwa hiyo ZIL kwenye grili huonekana kama inaanza na tatu. Ukikuta neno usiloliweza, lichore lilivyo. Usilisome.

Neno la grili linaweza pia kukupa tarehe. Kiwanda cha Moscow kilichokuwa kikibeba jina la Stalin kilibadilishwa jina 1956, ZIS ikawa ZIL. Gari lenye ZIL haliwezi kuwa limetoka kiwandani kabla ya hapo.

Na namba za usajili: kuanzia 1949 jeshi la Uingereza lilitumia tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, kwa mfano 00 BA 01. Ukiiona sura hiyo kwenye gari, unajua jeshi gani lililisajili, hata kama aina ya gari bado huijui. Magari ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa na herufi moja mbele: T kwa yenye minyororo, L kwa malori, A kwa ya wagonjwa, C kwa pikipiki. Mwenye picha za babu aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, atazame herufi hizo.

Hatua ya 5: Jua ni nchi gani inayosema

Sasa ndiyo tunaingia kwenye majina. Kila nchi ina mtindo wake wa kuyapa magari namba, na mtindo wa nchi moja hausomeki kwa kanuni za nchi nyengine. Visiwani kwetu mambo yamechanganyika zaidi kuliko kwengine: Waingereza mpaka uhuru wa Disemba 1963, kisha baada ya Mapinduzi wakaja Wachina, Warusi na Wajerumani Mashariki, kila mmoja na msaada wake na karatasi zake. Albamu moja ya nyumba moja inaweza kukusanya wote hao.

*Warusi.* Magari ya deraya yanaitwa kwa kifupi cha kazi yake pamoja na namba. BTR ni la deraya la kubebea askari, BRDM ni la doria na upelelezi, BMP ni la kupigania la askari wa miguu, PT ni kifaru kinachoelea, na T peke yake ni kifaru. Namba hazina kanuni moja. 76 ya PT-76 ni kipenyo cha mtutu kwa milimita. 152 ya BTR-152 si kipenyo cha kitu chochote. Gari lenyewe lilibeba bunduki ya rashasha. Hata hivyo kila mara nakuta mtu kaandika "mzinga wa milimita 152". Hiyo namba inatoka kwenye fungu la kiwanda.

Maana viwanda vya magari viligaiwa mafungu ya namba: GAZ chini ya 100, ZIS na baadaye ZIL kuanzia 100 mpaka 199, Yaroslavl na kisha KrAZ kwenye 200, Ural kwenye 300, UAZ kuanzia 450, MAZ kuanzia 500. Ukikuta GAZ-69, ZIL-131, KrAZ-255, Ural-375, UAZ-469, kila moja imekaa kwenye fungu lake. BTR-40 ilitoka GAZ na BTR-152 ilitoka ZIS, na sasa unaona kwa nini namba zao ni hizo. Kuna vichomozi: GAZ-69 ilihamishiwa kiwanda cha UAZ katikati ya miaka ya 1950 na ikabaki na jina lake. Kuanzia 1966 ukaja mtindo wa tarakimu nne, ambapo ya kwanza ni daraja la ukubwa na ya pili ni aina ya bodi. Kwenye Ural-4320 na KamAZ-5320 ile 3 ni lori la mizigo.

Herufi ya mwisho nayo ina kazi. GAZ-69 ina milango miwili na mabenchi nyuma. GAZ-69A ina milango minne na viti vya watu watano. Usiidondoshe A.

*Wachina.* Zana zao za zamani huandikwa Type na mwaka: Type 59, Type 62. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka ni wa zana, si wa gari tu. Type 56 ni nakala yao ya BTR-152. Type 56 pia ni bunduki yao ya mtindo wa AK. Na Type 56 nyengine tena ni nakala ya bunduki ya SKS. Type 63 inaweza kuwa kifaru kinachoelea, gari la minyororo la kubebea askari, au mtambo wa roketi za milimita 107. Kwa hiyo "Type 63" peke yake daftarini ni sawa na kutoandika kitu. Andika "Type 63, kifaru kinachoelea". Viwandani yana namba nyengine tena: Type 59 ni WZ120, Type 62 ni WZ131, lile gari la askari la Type 63 ni YW531. Malori na jipu huanza na herufi za kiwanda, CA kwa Changchun na BJ kwa Beijing: CA-10 ni lori la Jiefang lililotokana na ZIS-150, na BJ212 ndiyo ile jipu ambayo kila mtu huiita UAZ.

*Wajerumani Mashariki.* Hawa ndio waliotuachia majumba ya Kilimani na Michenzani, na karatasi zao zinachanganya watu sana. Magari waliyotumia yalikuwa mengi ya Kirusi, lakini waliyaandika kwa lugha yao. BTR-152 kwao ni SPW-152, BTR-40 ni SPW-40, GAZ-69 ni GAS-69, ZIL-157 ni SIL-157. Ukikuta SPW-152 kwenye maelezo ya picha, usifungue ukurasa mpya ukidhani umegundua gari jipya.

*Waingereza.* Magari yao ya kijeshi ya baada ya vita yana herufi FV na namba, na namba inaonesha ukoo. FV601 ni Saladin, yenye mzinga wa milimita 76. FV603 ni Saracen, ya kubebea askari. Zote ni za ukoo wa 600, zote zina magurudumu sita, na tofauti ya haraka ni kuwa Saracen ina injini mbele na Saladin ina injini nyuma. FV4007 ni kifaru Centurion. Juu ya namba wana na majina, na wamependa sana vifaru vyao vianze na C: Churchill, Cromwell, Comet, Centurion, Chieftain, Challenger. Bunduki zao kubwa zinazojiendesha wakazipa vyeo vya kanisa, Bishop, Sexton, Abbot. Sijui nani alikaa kitako akaamua hivyo, lakini husaidia kukumbuka.

Land Rover haihitaji FV. Ya zamani hutambulikana kwa urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa inchi: 80, 86, 88, 107, 109. Baadaye ikaja 110, na ile inayoitwa 90, ambayo ukiipima utakuta ni karibu 93.

*Wamarekani.* M na namba, na mabadiliko huongezwa A1, A2, A3. Makosa mawili ya kawaida hapa. La kwanza, namba inahesabiwa kwa kila aina ya kitu mbali mbali, kwa hiyo M1 ni bunduki, ni kofia ya chuma, na ni kifaru Abrams. La pili, A3 si lazima iwe bora kuliko A2. Kwa kifaru Sherman, M4A2 ina injini ya dizeli na M4A3 ina ya petroli ya Ford, zilitengenezwa sambamba. Malori yao ya vita kuu yana herufi za kiwanda: kwenye GMC CCKW, C ya mwanzo ni 1941, C ya pili ni kichwa cha kawaida, K ni kuvuta mpaka magurudumu ya mbele, na W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta.

Kuna pia namba ya tarakimu 13 ya nchi za NATO, unayoweza kuikuta kwenye kibati au kwenye kitabu cha spea. Mfano 2320-01-107-7155, namba ya lori M998. Nne za mwanzo ni kundi: 2320 ni magari ya mizigo ya magurudumu, 2350 ni magari ya kupigania ya minyororo. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoiandikisha: 00 na 01 Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa. Saba za mwisho hazina maana yoyote, usijisumbue. Na kumbuka nchi hiyo ni iliyoandikisha, si lazima iwe iliyotengeneza.

Hatua ya 6: Andika majina yote, kila moja na mwenyewe

Kila ukurasa wa gari uwe na mistari mitatu ya majina: la kiwandani, la jeshi (taja jeshi gani), na la watu. La watu usilidharau. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, mtambo wa roketi BM-21, wenye mitutu 40 ya milimita 122 juu ya lori la Ural-375D, ulijulikana Uganda kwa jina la Saba Saba. Mzee aliyekuwepo huko akikusimulia, hilo ndilo jina atakalolitaja, na usipoliandika hutoweza kuyaunganisha maneno yake na picha yako.

Ukimuuliza mzee, usimpe jina kinywani. Usiseme, "Babu, hii si BTR?" Atasema ndiyo, kwa upole tu. Muulize: "Shikamoo babu. Mkiliitaje gari hili? Mkipandia wapi, nyuma au ubavuni? Juu lilikuwa wazi?" Akikwambia walikuwa wakiruka juu kwa sababu halina paa, na mvua ikiwanyeshea, umepata ushahidi: BTR-152 za mwanzo zilikuwa wazi juu.

Hatua ya 7: Toa daraja la hakika, na sababu

Mimi natumia herufi tatu. A: nimesoma maandishi ya gari lenyewe, au alama zote za kulitambua zinaonekana. B: sura inakubali, ila kuna gari jengine linalofanana sijaweza kulitoa. C: nimeambiwa, au nakisia. Bila ya sababu herufi haina kazi. Ukurasa uliokamilika unakuwa hivi:

Gari: G-007
Picha: P-003, P-019
Kinachoonekana: Lori, ekseli tatu, boneti ya mviringo, matairi ya nyuma moja moja, turubai nyuma. Grili haisomeki.
Jina la kiwanda: ZIL-157
Majina mengine: SIL-157 (Ujerumani Mashariki)
Jina la watu: halijapatikana
Hakika: B
Sababu: Matairi moja moja yanaondoa ZIS-151. CA-30 ya Kichina, iliyotokana na ZIL-157, bado haijaondoka kwa sababu madigadi ya mbele yamezibwa na watu.
Si kabla ya: 1958

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda. Gari halikwambii picha ilipigwa lini, ila linakwambia haiwezi kuwa kabla ya lini. Mara ngapi tumeletewa picha ya Land Rover imeandikwa nyuma "Mapinduzi 1964", na taa zake za mbele ziko kwenye madigadi? Land Rover za miaka hiyo taa zilikuwa katikati, kwenye grili. Zilihamia kwenye madigadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Hapo ama picha ni ya sherehe ya Mapinduzi ya mwaka mwengine, ama maelezo yaliandikwa baadaye kwa kumbukumbu. Usimwambie mwenye picha kuwa mama yake kakosea. Andika vyote viwili, maelezo yalivyo na kile taa zinachosema. Na kabla hujashikilia sana, kumbuka gereji zetu: madigadi ya gari jipya hufungwa kwenye gari la zamani bila mtu kuona ajabu.

Ukikwama

*Gari halifanani na picha yoyote.* Tafuta kwa tahajia zote: GAZ na GAS, ZIL na SIL, UAZ na UAS. Bado halipatikani? Huenda ni lori la kawaida lililobadilishwa bodi. Acha bodi, tambua kichwa na ekseli.

*Inaonekana nusu tu ya gari.* Andika nusu hiyo, daraja C, nenda mbele. Picha nyengine ya siku ile ile ikipatikana kwa jamaa, nusu ya pili itatokea.

*Wazee wawili wanapingana.* Andika maneno ya wote na majina ya vikosi walivyokuwamo. Mara nyingi walikuwa sehemu mbili zenye magari mawili, na kila mmoja anasema kweli. Ubishi wenyewe waachie wa Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, kahawa ipo.

*Namba ya usajili inasomeka lakini huijui ni ya nani.* Inakili ilivyo, pamoja na rangi na mahali ilipo kwenye gari. Ikiwa ni gari la karibuni, rudi kwenye onyo la mwanzo: usiitangaze.

*Umetoa namba mbili kwa gari moja.* Usifute. Piga mstari mmoja juu ya ile kubwa, andika "tazama G-007", na namba iliyokatwa usimpe gari jengine tena.

*Picha imeshika ukungu.* Itenge na nyengine, iache ikauke kivulini penye upepo, usiifute kwa kitambaa kibichi. Ukishainakili, peleka swali kwa watu wa Nyaraka, Kilimani. Kazi yao ni karatasi za zamani na watakwambia la kufanya kabla hujaharibu.